Dawa Niliyoishika Mkononi

Asubuhi ile mama mkwe wangu alikuwa akitwanga majani ya mubirizi nyuma ya jiko, kwa sababu tumbo lilikuwa likinisumbua. Alikamua maji ya kijani kwenye kikombe, akanipa. Uchungu wake hukaa ulimini mpaka jioni. Kwetu, ng'ambo ya Mto Kagera, kila ua ulikuwa na mti huo. Tuliunywa kwa homa na minyoo, tuliuoshea vidonda. Binti yangu Neema, wa mwaka mmoja na nusu, alinyweshwa kwa kushikwa na watu wawili, na kilio chake kilifika kwa majirani.

Siku ya tatu baada ya asubuhi hiyo vita vikatufikia. Mume wangu aliuawa barabarani. Mimi, mama mkwe na Neema tulijificha bondeni kwenye mafunjo, maji yakitufika magotini. Palikuwa na familia nyingine tano au sita humo.

Kesho yake mtoto akashikwa na homa kali. Mama mkwe alitambaa hadi kwenye mashamba, akarudi na konzi ya majani. Akayafikicha, akanitia mkononi.

"Mnyweshe."

Juu yetu, ukingoni mwa bonde, wenye silaha walikuwa wamesimama wakizungumza. Tulisikia hata vicheko vyao.

"Atalia, Mama."



Nikayafumbata majani.

Waliondoka jua likiwa limepinda. Nilipomtia Neema tone la kwanza mdomoni, hakukunja uso. Alikuwa amekufa begani kwangu.

Tulivuka mto, tukafika Karagwe. Sasa nalima migomba Ihanda. Mama mkwe aliishi nami miaka mingi hadi alipofariki. Hakunilaumu hata siku moja, wala hakulitaja tena jina la mtoto.

Mwaka jana nilimsimulia jirani yangu, muuguzi wa pale Nyakahanga.

"Mama, homa ile majani yasingeiweza," alisema. "Alihitaji sindano na dripu. Usijibebeshe lawama."

Nilimshukuru. Alitaka kunipunguzia mzigo, na labda ni kweli. Lakini mimi sikumnyima dawa kwa kuwa haifai. Nilimnyima ili anyamaze.

Baadhi ya waliokuwa kwenye mafunjo wanaishi Kihanga, wana wajukuu. Tukikutana sokoni husema tuliokolewa na rehema za Mungu. Naitikia amina. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mtoto yule aliitwa nani.