Mandolini Kifuani mwa Bibi

Nimeishi katika miji mingi mno kwa mtu asiye dereva wala askari. Nimekaa Mwanza, Tabora, Kigoma, Tanga na Mbeya, nikirudi Bariadi kila ninapochoka na kuondoka tena kila ninapopumzika. Katika kuhamahama huko nimepoteza masanduku, vyeti, hata saa niliyoachiwa na baba. Lakini kipande cha waya chenye urefu wa mkono, kilichojikunja kama mkia wa nguruwe, bado ninacho ndani ya bahasha. Watu wakiniuliza nasema ni uzi wa mandolini. Wanaojua vyuma wanasema ni waya wa klachi ya pikipiki. Wote tunasema kweli.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo. Kijiji chetu kilikuwa bado kipya, nyumba zimepangwa mistari kama madawati, na watu walikuwa bado wakikosea njia ya kwenda kwao. Siku ya kuhamia pale, lori lililobeba vyombo vyetu liliruka shimo, na kibuyu cha ndono ya babu kikapasuka. Ndono ni upinde wenye waya mmoja na kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji hukiegemeza kile kibuyu kifuani, akikifunika na kukifunua, na sauti hunenepa na kukonda kama mtu anayesema na wewe huku akigeuza uso. Babu alikuwa akipiga na bibi akiimba. Babu alikataa kila kibuyu alicholetewa baada ya hapo, kila kimoja na kasoro yake, na akafariki kabla hajapata cha kumridhisha.

Tangu hapo bibi hakuimba. Si kwamba alikuwa na majonzi. Alikuwa mtu wa utani, ananiita mume wangu mbele ya wageni na kunidai kitenge. Ila ukimwomba wimbo alikuwa na jibu moja tu: "Nikiimba, nani atanijibu?"

Hilo lisingekuwa neno kubwa kama dada yangu asingechumbiwa. Mchumba wake alikuwa mkulima wa mpunga wa Nassa, na ng'ombe walikuwa wamekwisha fika. Kwetu, binti wa nyumba haondoki kwenda kwa mume bila bibi kumwimbia pale anapotokea. Shangazi zangu wote watatu waliondoka hivyo, na dada alikuwa akiusikia wimbo ule tangu akiwa mgongoni. Jioni moja tukichambua pamba aliniambia, huku akicheka, kwamba bila wimbo wa bibi hapandi trela ya mtu kwenda Nassa. Nilimjua dada. Alipokuwa akisema jambo huku akicheka ndipo alipokuwa hatanii.

Nikajiaminisha kwamba dawa yake ni gitaa. Ukweli ni kwamba gitaa nililitaka mwenyewe, kwa sababu ya magitaa niliyoyasikia redioni, na shida ya dada ilinipa njia ya kulitaka kwa heshima. Baba alinipa sehemu ya pesa ya pamba niliyosaidia kuvuna, nikasikia kuna ala za muziki katika duka moja Bariadi mjini. Bibi akasema tunakwenda wote. Hakueleza kwa nini.

Mwenye duka alikuwa mzee wa kutoka Tabora, mwenye kofia nyeupe ya kufuma na sauti ya upole. Rafu zake zilikuwa tupu: hapakuwa na sukari, hapakuwa na sabuni, betri za redio zilikuwa zimekwisha tangu masika. Lakini ukutani palikuwa na gitaa jekundu linalong'aa, mandolini ndogo, na mandolini nyingine kubwa yenye shingo ndefu. Zote ziliachwa na Mzungu wa mradi wa visima aliporudi kwao.

Gitaa sikuwa na bei yake, wala nusu ya bei yake. Nikashika mandolini ndogo, nikaikwaruza, ikalia kwa furaha. Nikamwambia bibi hiyo inatosha.

"Inalia kama mbuzi aliyefungiwa," akasema. "Lete ile ndefu."

Mwenye duka akamwambia, "Mama, hiyo ndefu ni gofu. Ina sehemu ya nyuzi nane na nyuzi zilizobaki ni mbili, tena zina kutu. Nisikudanganye."

Bibi akaipokea hivyo hivyo. Akaketi juu ya debe tupu, akageuza mgongo wa ile mandolini, akauegemeza kifuani pake, juu kidogo ya fundo la kitenge. Akaniamuru niguse uzi. Nikagusa. Akainamisha kichwa, akaisogeza mbali na kifua, akairudisha. Nikagusa tena. Watu wawili waliokuja kuulizia sabuni wakasimama kutazama. Bibi akafanya hivyo na ile ndogo pia, kwa haki, kama mtu anayepima ng'ombe wawili. Kisha akampa mwenye duka ile ndogo.

"Hii inapiga kelele mdomoni," akasema. "Ile inaguna tumboni. Mume wangu, lipa."

Ile kubwa ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Nikalipa huku moyo umebaki ukutani kwenye gitaa jekundu.

Sasa ikabaki kazi ya nyuzi, na nyuzi za kununua hazikuwepo Bariadi wala Maswa. Wapiga gitaa walikuwa wakitumia waya wa breki ya baiskeli: unaufumua, unapata nyuzi nyembamba za chuma. Lakini baiskeli zetu karibu zote zilikuwa za breki za vyuma virefu, hazina waya hata mmoja. Kijijini kulikuwa na waya wa namna ile mahali pamoja tu: kwenye klachi ya pikipiki ya bwana shamba.

Nilimfuata asubuhi, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," ingawa alikuwa mtu wa Kilimanjaro, kwa sababu alipenda tumwamkie hivyo. Nikamweleza shida yangu. Akacheka mpaka akashika usukani. Akasema waya wa klachi anao mmoja akiba, ila ule uliofungwa haujakatika, na serikali haibadilishi kitu kizima. Siku utakapokatika nitaupata.

"Wiki hii nakwenda Zagayu kukagua pamba," akaongeza. "Barabara ile unaijua."

Naijua. Nakiri kwamba nilimwombea safari mbaya kidogo. Siku ya tatu, mchana, nikamwona akija kwa mbali akisukuma pikipiki, vumbi limempaka mpaka kwenye kope. Nikakimbia kumsaidia kusukuma, nikijitahidi uso wangu usionyeshe furaha. Alinitazama.

"Usijifanye kusikitika," akasema. "Chukua waya wako."

Nikaufumua waya ule nyuma ya nyumba. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyingi zilizosokotana, kila mmoja umejikunja. Nikazifunga moja moja kwenye tawi la mti, nikaning'iniza jiwe chini ya kila moja, zikakaa siku mbili zikinyooka. Mti ule ulionekana umezaa mawe, na waliopita waliuliza kama ni dawa ya mvua. Kwa sauti nene nilihitaji uzi mzito zaidi, kwa hiyo nikatoa waya wa shaba ndani ya redio mbovu. Dada akashika mwisho mmoja wa uzi wa chuma, mimi nikazungusha mwisho wa pili kwa msumari, na shaba ikajiviringisha juu yake kidogo kidogo. Dada ndiye aliyekuwa na mkono mzuri. Mimi nilikuwa na haraka, na wangu wa kwanza ulitoka na manundu kama njia ya Zagayu.

Mwenyekiti wa kijiji alipita tukiwa tunazifunga. Akahesabu nyuzi kwa kidole.

"Nane?"

"Nane, mwenyekiti. Lakini sauti ni nne. Kila mbili zinafanya kazi moja."

Akafikiri. "Basi katika kila mbili, mmoja ni mnyonyaji."

Nikamwambia hapana, ukipiga mmoja peke yake unasikika mnyonge, zikipigwa mbili ndiyo sauti inajaa. Akanitaka nimwonyeshe. Nikampigia mmoja, kisha zote mbili. Akaondoka ameridhika kabisa, na katika mkutano uliofuata alizitumia nyuzi zangu kuwahimiza watu waende shamba la ujamaa.

Nilizikaza nyuzi zile juu sana, karibu na sauti za magitaa ya redioni. Zilimetameta kwa sauti. Nikaenda kumpigia bibi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapo utaimbisha ndege. Mimi ni mwanamke mzee." Nikamsihi ajaribu. Akasema tutaona, akarudi kwenye karanga zake. Zilibaki siku tisa kabla ya harusi, na sikutaka kushusha nyuzi. Ile sauti ya juu niliipenda mno.

Kisha nikaondoka. Hata wakati ule miguu yangu haikujua kutulia, na kulikuwa na rafiki Maswa niliyemaliza naye shule. Mandolini nikamkabidhi dada, nikamwambia aitunze kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile.

Akaitunza. Nyumbani kwetu kitu cha kutunzwa kuliko vyote hukaa juu ya moto. Mbegu za mahindi, vibuyu vya maziwa, mafungu ya mtama wa kupanda, vyote vilining'inia kwenye moshi wa jiko, mahali ambapo mdudu hathubutu. Nilirudi baada ya siku nne, nikaikuta mandolini yangu katikati ya mahindi ya mbegu, nyeusi, inanuka moshi, na gundi ya ubavuni imeachia. Mgongo umeachana na mbavu kama kiatu cha mwanafunzi.

Dada alikuwa amesimama pale akisubiri kusifiwa. Nikamwonyesha ule mwanya. Akaingiza kidole, akaelewa, akaketi chini.

"Nimeuchoma wimbo wangu mwenyewe," akasema.

Kweli nilikuwa nimesema aitunze kuliko vyote, na yeye hakukosea hata hatua moja. Bibi ndiye aliyecheka. Akaichukua, akaigeuza, akauliza mbuzi wa wakwe anachinjwa lini. Nikamwambia ni kesho yake. Basi, akasema, ngozi ni yake.

Wanawake wa umri wa bibi walijua kushona vibuyu vilivyopasuka. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote bila kumtazama. Aliinyoa ile ngozi ikiwa mbichi, akakata pande moja pana, akaivisha mandolini kuanzia mgongoni mpaka mbavuni, akaacha uso wazi. Akashona pembeni kwa ukambaa, akivuta kwa meno yaliyobaki. Kisha akailaza juani kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na dada akakaa siku nzima akifukuza mbwa. Ngozi ilipokauka ilibana kama ngoma. Mwanya ukafa.

Niliogopa kukaza nyuzi kama mwanzo, isije ikapasuka tena. Nikazilegeza, nikazishusha, na kila nilipozishusha bibi alikuwa akitikisa kichwa kwamba bado. Ile sauti ya kumetameta ilikuwa imekwenda. Kilichobaki kilikuwa kizito na kifupi. Nilisikitika kidogo, lakini bibi alikuwa ameacha kutikisa kichwa. Nikamuuliza kama sasa ataimba. Akasema tutaona.

Siku ya harusi ilikuwa ya jua kali. Trekta la kijiji lilikuja na trela kumchukua dada, na dereva hakuzima injini, kwa sababu kuiwasha kulikuwa shughuli. Masanduku yakapakiwa. Wakwe wakapanda. Dada akatoka amevaa kitenge kipya, akafika kwenye trela, akasimama. Hakuweka mguu. Wakwe wakamwita kwa upole. Akabaki amesimama, uso wake kwa bibi, wala hakuwa akicheka.

Bibi akaketi juu ya kinu kilichogeuzwa. Akanyoosha mikono, nikampa mandolini. Akaiegemeza ngozi ile kifuani, kama pale dukani, na mimi nikapiga magoti mbele yake ili nifikie nyuzi. Watu wakaangua kicheko, maana hakuna aliyewahi kuona ala moja inayopigwa na watu wawili. Nikapiga. Bibi akanisimamisha.

"Hiyo sauti ya tatu, ishushe."

Nikaishusha mbele ya kijiji kizima, jasho likinitoka. Nikapiga tena. Akaisogeza mandolini mbali na kifua, akairudisha, na ile sauti ikanenepa na kukonda. Nilimwona akifumba macho. Akamwambia dereva, bila kuyafumbua, "Baba, zima chombo chako. Kuna mtu ananijibu."

Dereva akazima.

Akaimba. Sauti ilitoka kavu mwanzoni, kama mlango uliofungwa muda mrefu, kisha ikafunguka. Wazee wa kike wakaitikia kabla sijajua kwamba kuna pa kuitikia. Wimbo ulipofika mwisho wake, bibi aliongeza ubeti, akaongeza na mwingine, akawataja wakwe, akautaja mpunga wa Nassa, akanitaja mimi, mume wake asiyetulia. Dada alikuwa akilia na kucheza kwa pamoja. Bwana shamba, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akawa akimwambia kila aliyemkaribia kwamba anayeimba pale ni klachi yake.

Dada akapanda trela. Na trekta, kama dereva alivyoogopa, halikuwaka. Ikabidi sisi sote tulisukume, wakwe, mwenyekiti, bwana shamba aliyekwisha zoea, wanawake wakiwa na vitenge vyao vya harusi. Uzi mmoja ulikatika pale nilipoziachia nyuzi kwa haraka, nikautia mfukoni na kwenda kusukuma. Tulifika mpaka kwenye mteremko. Nyuma yetu bibi alikuwa bado ameketi juu ya kinu, akijipigia mwenyewe kwa kidole kimoja, akiendelea kuimba.