Nilivyompokonya Mzee Kondo Matusi Yake kwa Kubofya Mara Moja

Umewahi kumwona mzee wa miaka themanini anadai arudishiwe matusi yake?

Mimi nimemwona. Usoke, mchana kweupe. Na mwizi nilikuwa mimi.

Naitwa Julieth. Nipo Tabora mjini, kwenye mradi wa kurekodi wazee wakisimulia misafara ya zamani. Naandika kwenye kompyuta kila wanachosema, na mbele ya kila sentensi naweka jina la msemaji.

Wakali wetu walikuwa wawili. Babu Mhoja, Mnyamwezi, mjukuu wa mpagazi. Na Mzee Kondo, Mzaramo aliyekuja kufanya kazi reli akazamia Usoke mpaka leo.

Watani hao! Ukiwawashia kinasa sauti, historia dakika tano, matusi saa nzima.

Siku moja bosi wangu, madam Levina, akaja juu.

"Juli, mzee mzima unamwandika 'Mhoja' tu? Weka 'Babu Mhoja', faili zote! Kesho tunawaonyesha wazee wenyewe. Mmoja wao akikataa kutoa ruhusa, kazi ya mwaka mzima tunaifuta."

Faili lundo. Nifungue moja moja? Thubutu!

Nikazichagua zote, nikaiambia programu ibadilishe jina kwa mkupuo. Nikabofya, nikahifadhi. Nikaenda zangu kula wali maharage, najiona fundi.

Kumbe nilisahau kuiambia ni msemaji yupi abadilishwe jina. Ikawabadilisha wote, hata Mzee Kondo akawa 'Babu Mhoja'. Na nakala ya akiba sikuweka.

Kesho yake, ukumbi wa kanisa pale Usoke umejaa ukoo wa Babu Mhoja. Maandishi yakatokea ukutani.

BABU MHOJA: Wanyamwezi walipofika Pwani walisonga ugali kwa maji ya bahari, wakashukuru kuokoa chumvi.

Wajukuu wakamgeukia babu yao.

Mzee wa watu kautukana ukoo wake mbele ya wajukuu! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mara Mzee Kondo akasimama, fimbo juu. "Hilo tusi langu! Nimelitunga mwenyewe!"

Babu Mhoja akajinyoosha kwenye kiti, raha mustarehe. "Nimelichukua. Mtani akichukua kitu chako unalalamika?"

"Chukua kuku! Chukua kofia! Tusi langu hapana! Binti, yarudishe yote, la sivyo ruhusa yangu huioni."

Ikabidi tusikilize upya kila kitu. Wazee wakaketi huku na huku kwangu, kila mmoja akidaka lake.

"Langu hilo!"

"Lako wapi? Mzaramo hata ukimbeba mgongoni atasema kachoka, hilo ndilo langu!"

Wiki zikakatika. Madam Levina akawa ananisemesha kwa ishara tu. Mimi mbavu sina kwa kucheka, roho mkononi.

Siku ya mwisho ikabaki sentensi moja. Nadhani siku ya kurekodi tulisahau kuzima kinasa sauti. Sauti ya chini, ya kizee.

"Huyu mwenzangu akitangulia, nitamtania nani?"

Nikawageukia. "Hii ya nani?"

"Ya kwake," akasema Mzee Kondo haraka.

"Mimi? Thubutu! Ya huyo," akasema Babu Mhoja, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Wakatoa ruhusa wote wawili, wakaondoka wakitukanana mpaka barabarani.

Ndugu zangu, kabla ya kubadilisha faili zote kwa mkupuo, weka nakala pembeni, ujaribu na moja kwanza. Na kama una mtu wa kukutukana kwa upendo kila siku, mtunze.

Sauti ile naijua vizuri ni ya nani. Lakini nafasi ya jina nimeiacha wazi.