Fundi wa Mifupa Aliyesema Hajui

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo uso unanichoma. Waingereza walikuwa bado wanatawala, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, hapahapa Kitandililo, nikijifunza kazi ya kuunga mifupa kwa bibi yangu mzaa mama.

Bibi yangu, jamani, alikuwa na mikono. Alifumba macho, akapapasa mguu uliovunjika taratibu, akasema mfupa umekatikia hapa, na kweli ni hapo. Lakini nadhani kilichomfanya mkubwa zaidi ni ulimi wake. Mgonjwa akiletwa, alisema bila kuzunguka, "Huu nauweza." Siku mfupa ukiwa umetoboa ngozi, alisema kwa sauti ileile, "Huu siuwezi, mpelekeni hospitali sasa hivi," wala hakuona haya. Mimi, kwa utoto wangu, niliona anajivuna. Nilikuwa nimeshika kwamba msichana mwenye adabu akisifiwa huinama na kusema hajui kitu, mpaka aombwe mara ya pili na ya tatu.

Basi siku hiyo nilikuwa Makambako, nimepeleka maharage. Pale yaliposimama malori, mama mmoja wa Kikinga, yuko safarini kurudi kwao Makete, aliteleza akishuka na mzigo wake, akavunjika mkono chini ya kiwiko. Watu wa kwetu wakanionyesha, huyu hapa anajua. Na nilijua kweli. Mikono kama ule nilikwisha kuiunga, Bibi amekaa pembeni anakunywa uji wake. Nikatazama chini, nikasema, "Mimi? Hapana, mimi sijui."

Nikawa nasubiri kubembelezwa. Yule mama hakunibembeleza. Alikuwa mgeni, anaumia, akaniamini. Akajitokeza bwana mmoja mwenye maneno mengi, akamfunga mkono kwa kamba ya katani, akakaza kama anafunga mzigo wa kuni.

Nyumbani nikamsimulia Bibi, natarajia sifa. Akaniuliza vidole vya mgonjwa vilikuwaje baada ya kufungwa. Sikuwa nimetazama. Kesho yake asubuhi tukashika njia ya Makambako wote wawili kwa miguu.

Tulimkuta kwa watu waliompokea, anasubiri lori, vidole vimevimba na vya baridi. Bibi akavigusa, akasema bado vina uhai. Nikasogea kando ili afanye kazi yake. Yeye akavuta kigoda, akaketi, akanitazama. "Fundi ni wewe," akasema. "Mwambie mwenyewe."

Yule mama akanikazia macho. "Si wewe uliyesema jana hujui?"

"Najua, mama," nikamjibu, machozi yananitoka. "Jana nilikudanganya."

Nikaikata ile kamba, nikauweka mfupa sawa, nikafunga mabanzi ya mwanzi. Baadaye nilisikia mkono ulipona, namshukuru Mungu. Ila kidole cha mwisho hakikukunjika tena, na yule mama alikuwa msukaji wa vikapu.

Tukiwa njiani kurudi Bibi alisema kidogo tu. "Ulitaka waone una adabu. Mkono wa mwenzio hukuuona." Mpaka leo sijapata mtu wa kunikemea kwa maneno machache namna ile.

Kwa hiyo, mwanangu, kama unajua kushona, sema najua kushona. Sema pia ujuzi wako unaishia wapi, kwa sauti ileile, kama alivyofanya Bibi. Aliyekufundisha alikupa siku zake. Ukisema hujui kitu, umemkana na yeye. Sikutumi ujitangaze usipoulizwa. Lakini mwenye shida akikuuliza, mjibu kweli mara ya kwanza, maana huenda hana muda wa kukuuliza mara ya pili.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akujalie ulimi usioionea haya.