Tulivyomkausha Mdogo Wangu

Mwezi uliopita nilikaa Garsen, katika ukumbi wenye feni moja iliyozunguka kwa kulalamika, nikiwasikiliza watafiti vijana wakieleza mchoro walioubandika ukutani. Ulikuwa na viduara vingi: jeni, mvua, mbu, chakula, desturi za nyumbani. Kila kiduara kilitoa mishale kwenda kwa vingine, hata karatasi nzima ikafanana na wavu wa kuvulia samaki. Walisema ugonjwa hauna mlango mmoja. Damu tunayorithi, mahali tunapoishi na mambo tunayoyafanya bila kuyafikiri husukumana, na ukitaka kumwelewa mgonjwa huna budi kuutazama msukumano wote. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nautafuta mshale mmoja tu. Nilipouona, mwembamba, ukitoka kwenye "desturi" kwenda kwenye "maumivu", niliacha kuwasikiliza. Rafiki yangu, mshale ule naujua. Niliwahi kuwa mshale ule.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka wa mafuriko yale makubwa, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa mto Tana, mwendo mfupi kutoka kijiji cha Wema. Nakumbuka harufu ya mpunga mpya ukitwangwa, kambare aliyekaushwa kwa moshi akichemka katika tui la nazi, na kelele za vyura ambazo mgeni huziona kero na sisi tulizihesabu kuwa ukimya. Kisha mto ulipanda. Ulipanda polepole, bila ghadhabu, ukaingia jikoni, ukayabeba mafiga. Tulihamia kwenye ardhi ya juu kando ya barabara ya Garsen, tukaishi chini ya turubai na kula mahindi ya njano ya msaada, ambayo nyanya, mzaa mama, alisema yana ladha ya gunia. Baba na mama walishinda kwenye mtumbwi wakijaribu kuokoa ndizi zilizobaki. Nyumba, yaani turubai, ilikuwa mikononi mwa nyanya.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka mitano. Alikuwa na macho yenye umanjano kidogo, vidole vyembamba, na maumivu yaliyokuja bila hodi. Leo angecheza, kesho angelala akikunja magoti na kulia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha wengine. Tena alikuwa akikojoa kitandani kila usiku. Nyanya aliyaunganisha mambo hayo mawili na kupata jibu lililoonekana safi: mtoto amejaa maji. Maji yanamtoka usiku, na yasiyopata njia yanaingia mifupani na kuiuma. Dawa yake ni kumkausha. Adhuhuri ikipita, asinywe kitu. Akizidi kuumwa, asinywe tangu asubuhi.

Kazi ya kumkausha alipewa nani? Nilipewa mimi. Nyanya alinikabidhi kata, kile kifuu cha nazi chenye mpini tunachochotea maji mtungini, akasema, "Wewe ndiwe mkubwa. Akilia, usimwonee huruma. Huruma ndiyo itakayomuua."

Nami sikumwonea. Nitakwambia ukweli ambao sikuusema ukumbini: niliipenda kazi ile. Nililala naye mkeka mmoja, na kila asubuhi niliamka nimelowa. Watoto wa turubai za jirani walikuwa wakiziba pua nikipita. "Jana mafuriko yalifika kwenu peke yenu?" aliniuliza mmoja, na wenzake wakaanguka kwa kicheko. Kwa hiyo nilifunga ile kata kiunoni kwa kamba ya mkonge, nikatembea nayo kama askari na rungu lake. Mdogo wangu alikuwa akinifuata akisema, "Dada, kidogo tu. Ulimi tu." Nami nilimwambia asubiri kesho.

Siku moja mama wa maziwa, yule Muorma aliyetuletea maziwa kwenye kibuyu na kubadilishana na samaki wetu wakavu, alisimama mbele ya turubai akimtazama mdogo wangu. Mimi nilikuwa sijaona anachofanya. Mtoto alikuwa ameukumbatia mtungi, analamba udongo wake kwa nje, pale unapotoa jasho.

"Nyinyi Wapokomo," alisema yule mama, "mto mzima umewafukuza nyumbani, na mtoto analamba chungu? Kwetu hata ndama hafanyiwi hivyo."

"Ndama wenu hawakojoi kitandani," nyanya alimjibu.

"Wana kitanda gani?"

Walicheka wote wawili, kwa utani wao wa miaka mingi. Lakini mama wa maziwa alipoondoka hakuwa anacheka. Nilimwona akigeuka nyuma mara mbili.

Nadhani ni yeye aliyemwambia sista. Sista alikuwa muuguzi kutoka bara, aliyekuwa akizunguka kambini na daftari, na watu walimchoka kwa maswali. Hakuuliza tu nani anaumwa. Aliuliza nani analala na nani, nani anachota maji, bibi harusi alitoka ukoo gani, waliokufa wachanga walikuwa wangapi. Alifika kwetu siku ambayo mdogo wangu alikuwa na siku ya pili ya maumivu, midomo imepasuka. Akamgusa tumbo, akatazama macho yake, akavuta ngozi ya mkono wake ikachelewa kurudi. Kisha akaketi juu ya mtungi mtupu wa plastiki na kuniuliza mimi, siyo nyanya, siku yetu inavyokwenda tangu asubuhi. Nilimweleza kila kitu, kwa fahari.

Alichukua kijiti, akachora kwenye tope lililoanza kukauka. Kwenye kiduara cha kwanza aliandika damu. Alisema baba na mama, wazima wote wawili, kila mmoja alimpa mtoto nusu ya damu yenye kasoro, na zile nusu zilipokutana, chembe za damu yake zikawa zinajikunja kama mundu wa kuvunia. Ugonjwa huo unaitwa selimundu. Mshale kutoka hapo ulikwenda kwenye figo: figo zake haziwezi kuyabana maji, ndiyo maana anakojoa. Mshale mwingine ukaenda kwenye mkeka uliolowa. Kutoka mkekani ukaenda kwenye kata. Kutoka kwenye kata ukaenda kwenye kiu. Kiu inaifanya damu iwe nzito, chembe zinajikunja zaidi na kuziba njia, mifupa inauma. "Na mifupa ikiuma mnafanya nini?" aliuliza. Nikasema tunamkausha zaidi. Akauvuta mshale kutoka maumivu kurudi kwenye kata, na duara likafunga.

Nyanya alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo.

"Kwa hiyo unasema ni mimi."

"Simsemi mtu, mama. Nausema mzunguko."

"Mzunguko hauna mkono," nyanya alisema. "Kata ina mkono."

Sista alifunga daftari lake. Alituachia vidonge, akasema mtoto anywe maji mengi, yaliyochemshwa, usiku na mchana, na apelekwe zahanati asipopata nafuu. Akaenda turubai nyingine.

Nyanya hakuwa anajua kusoma. Aliniita, akaelekeza kidole cha mguu kwenye viduara kimoja kimoja. Hiki nini? Damu. Hiki? Kiu. Kisha akauliza, "Na wajomba zako wanakaa wapi hapa?"

Ndipo nilipoelewa. Nyanya alizika watoto wawili wa kiume kabla sijazaliwa, wote kwa ugonjwa wa mifupa, wote vikojozi. Aliwatunza kwa mikono yake, kwa namna ileile. Kuuamini mchoro ule kulikuwa kuamini na jambo jingine.

Aliingia chini ya turubai, akaketi akiwa ametupa mgongo. Kuku walipita juu ya mchoro. Jua lilivuka utosi, na mdogo wangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amenywa kitu, alilala hapo akihema, hana hata machozi. Kata ilikuwa kiunoni mwangu. Nikimnywesha na maji yakamwingia mifupani, nimemuua. Nisipomnywesha, nimemuua. Hakuna mtu mzima aliyekuwa akinitazama, na sijawahi tena kuogopa namna ile. Niliifungua kamba. Kata iligonga mdomo wa mtungi, ikatoa mlio ambao kambi nzima, nilidhani, imeusikia.

"Usijaze," nyanya alisema, bila kugeuka. "Atapaliwa."

Alikunywa kata nne ndogo ndogo. Hakupona siku ile, wala kesho yake. Kwa siku tatu nilikuwa nikimtazama kama mtu anayetazama ukingo wa mto, nikisubiri kuona kama niliyoyafanya ni mabaya. Kila asubuhi mkeka ulilowa, na nyanya aliuosha mwenyewe, hakuniruhusu kuugusa. Siku ya nne mdogo wangu aliketi akadai ugali wa njano. Maumivu yalirudi mwezi uliofuata, na mingine mingi, lakini hayakutukuta tena tukiyasaidia.

Leo anaishi Malindi, ana duka la nguo. Hakumbuki lolote. Nikimsimulia hucheka, husema mimi mwandishi nimezoea kutia chumvi. Simbishii. Mto umehama, kama unavyohama, na pale kijiji kilipokuwa sasa pana matete na mchanga. Sehemu tuliyopiga turubai ina nyumba za mawe. Mama wa maziwa alifuata ng'ombe wake upande wa Bangale, hakurudi. Mwenzangu naye, kabla hatujaoana, nilimwomba tukapimwe damu, na wiki ile ya kungoja majibu sikulala.

Nyanya hakuuzungumzia mchoro ule hata siku moja, isipokuwa karibu na mwisho wake. Nilikuwa nimekaa naye, nikimpepea. Aliniambia, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbushia kazi ya shambani, "Wale wawili waliomba sana maji."

Nilikuwa mtu mzima, nimesoma, nimeandika vitabu. Niliendelea kumpepea, na kesho yake hakuwapo tena.