Tundu Nyuma ya Kalenda

Maabara yetu pale Miyuji hupima sumukuvu kwenye karanga, na mashine ya kupimia haiendi bila gesi ya nitrojeni. Mitungi yake huletwa na lori kutoka Dar, likipenda. Maabara ya pili, ukuta kwa ukuta na sisi, ikaletewa mtambo unaotengeneza nitrojeni kutoka kwenye hewa hii hii yenye vumbi. Na msimamizi wake ni yule kijana niliyemfundisha mimi kushika pipeti! Mtambo ulinguruma kutwa nzima, na roho ikaniuma kutwa nzima.

Jumamosi moja nikiwa peke yangu kazini, kijana yule akaingia.

"Shikamoo dada. Mafundi wametoboa ukuta pale. Gesi yetu inatosha, leteni bomba tu tuwaunganishe."

"Marahaba. Mtambo wetu uko njiani," nikamjibu. Uongo mtupu. Alipotoka, nikatundika kalenda juu ya lile tundu.

Hadi leo mtungi ukiisha, karanga za wakulima hulala mezani, na wenzangu husimama mbele ya kalenda wakihesabu siku za lori. Nami husimama nao, nahesabu.