Mzee Jikaze, Fundi Asikie

Juzi nilikuwa gereji moja hapa Tunduma nikisubiri kuzibiwa pancha, akaingia jamaa na gari jeupe. Kiti cha nyuma alikuwa amekaa baba yake.

“Fundi, nikiwasha AC inakwaruza,” jamaa akasema. “Imeanza jana tu, lakini siwezi kuvumilia kelele hii.”

Fundi akafungua boneti. Akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye kompresa ya AC, mpini akauweka sikioni asikilize mkwaruzo unatoka wapi. Mzee akakohoa. Fundi akasubiri, akainama tena. Mzee akakohoa mpaka gari likatikisika.

“Mzee, jikaze kidogo, fundi asikie,” mwanawe akamwambia.

Mzee akavua kofia, akajiziba nayo mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama.

“Zima AC,” fundi akasema. Mkwaruzo ukakoma. “Washa.” Ukarudi. “Beringi ya kompresa imekwisha. Umefanya vizuri kuwahi.”

Akafuta mikono, akatazama kiti cha nyuma. “Na hiyo ya mzee imeanza lini?”

“Hiyo? Ni vumbi la mawe ya dhahabu, alikuwa anasaga kule Mkwajuni. Mwaka wa pili huu. Tumeshaizoea.”

Msimcheke jamaa peke yake. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwa mzee, na sikio nilikuwa nimelitega kwenye boneti kama wengine. Kinachotuamsha sisi ni kelele za vyuma.

Injini ilipozimwa, mzee alishusha kofia kidogo, akauliza kwa adabu:

“Mmemaliza? Naweza kukohoa sasa?”