Kifutio cha Afisa Mipango

Afisa mipango wa mji wetu ana penseli kumi na mbili za rangi na kifutio kimoja, ambacho bado kimo ndani ya nailoni yake ya dukani. Yeye huwaita watafiti wote "daktari", hata wanaohangaika na digrii ya kwanza, kisha hukohoa kidogo kabla ya kuwakatalia. Juzi baadhi yao walimwonyesha kwamba ukuta kwenye mchoro wake wa bustani mpya ya mji, fahari ya penseli ya kijani, ungeziba njia ya wajawazito waendao zahanati. Wangelazimika kuzunguka nusu saa nzima.

Akakohoa. "Njia hiyo haipo, daktari. Itafute kwenye ramani ya manispaa."

"Leo asubuhi tulikuwa pale tukihesabu wapita njia, mzee wangu," alisema mtafiti mmoja, binti wa sauti ya chini. "Wewe ulikuwa wa arobaini na moja. Tena tulikuamkia, ukaitikia."

Alizipanga penseli zake upya, moja baada ya nyingine. Kisha akaichana nailoni, akafuta ukuta kiasi cha upana wa kucha, akapuliza vumbi.

"Andikeni," akasema, "kwamba kasoro hii imegunduliwa na ofisi yangu."